Ridhaa ya Sirad

Sirad alikuwa ameshazikwa miezi mingi, lakini duka la Nairobi lilikuwa halijapata habari.

"Sirad, umepotea wapi? Rudi kwetu leo upate punguzo la krimu ya kung'arisha ngozi!"

Mumewe, Mzee Gelle, aliusoma ujumbe ule polepole, herufi kwa herufi, amesimama katikati ya mbuzi kwenye soko la mifugo la Garissa. Astaghfirullah! Ngozi gani tena, enyi watu? Na kumwita kwa jina, asubuhi na jioni, kama mtoto aliyetumwa sukari akachelewa!

Angeivunja laini ile zamani, lakini ilikuwa laini ya Sirad, na watu wa Sirad wako malishoni, Bute na Banissa, mahali ambapo habari ya kifo hufika kwa mwendo wa ngamia. Mpaka leo hupiga shangazi fulani aliyepanda kilima kutafuta mtandao, anataka kumsalimia Sirad, na Gelle ndiye wa kumwambia. Ukiizima simu, shangazi huyo atajuaje kwamba Sirad ni wa kuombewa dua?

Basi akampelekea simu Alio, kijana anayeuza vocha langoni mwa soko.

"Wamesema ukitaka waache, utume STOP," Alio akamwambia.

"Nimetuma mpaka kidole kimekufa ganzi. Hawa hawasikii."

Alio akachungulia simu, akapasuka kwa kicheko. "Adeer, ami yangu! Umetuma STOB. Umeandika B!"

"Si ndivyo inavyosemwa?"

"Ndivyo tunavyosema sisi Wasomali. Huko Nairobi wana P yao."

"Lami yao, maji yao, sasa na herufi yao pia," Gelle akanung'unika.

Alio akaituma yenye P. Jibu likaja hapo hapo: ombi lako halijakamilika, jaribu tena baadaye. Kabla ya swala ya alasiri likaja jingine: "Sirad, tumekukosa sana!"

"Nenda ukashtaki, adeer," Alio akasema, safari hii bila kucheka. "Siku hizi iko sheria. Mtu hawezi kukumwagia matangazo hivi hivi."

"Sheria? Mimi sheria ninayoijua ni ile ya kushushwa garini kwenye kizuizi, toa kitambulisho, baba yako nani, babu yako nani. Iko nyingine ya kunisaidia mimi?"

Hata hivyo akaenda. Mtu akichoka hujaribu hata serikali.

Kwenye ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya matangazo alimkuta binti mmoja wa Mwingi, mpole wa uso, nyuma ya kompyuta. Kisomali hakijui. Akamkaribisha kiti, akampa pole ya msiba, akasoma jumbe zote bila haraka. Gelle akaanza kulainika. Labda wamebaki wawili watatu wenye utu.

"Sasa mzee, nikuulize kama sheria inavyotaka," binti akasema. "Marehemu alitoa ridhaa?"

Gelle akainua uso. Neno lile analijua. Kwao, mke na mume wakiona mauti yamekaribia, huombana raalli: uwe radhi nami, nami niwe radhi nawe, ili anayekwenda aende mwepesi. Ridhaa ndiyo hiyo hiyo, kwa Kiswahili. Lakini serikali inaulizia nini mambo ya kitandani pa mgonjwa?

"Alitoa," akajibu.

"Kwa maandishi au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo wake. Mbele ya dada yake, Bishara."

"Hakulazimishwa?"

"Sirad? Nani angemlazimisha Sirad? Alitoa kwa moyo mweupe."

"Na baadaye hakuiondoa?"

"Aiondoe vipi, binti yangu? Alikufa nayo!"

Binti akaacha kuandika. Akamtazama kwa huruma. "Basi, mzee, hapa hatuna kosa. Kama alitoa ridhaa na hakuiondoa, hao wenye duka wanaruhusiwa kumtumia."

Sirad amemsamehe mumewe, kwa hiyo auziwe krimu? Akaliangalia dirisha, akaangalia viatu vyake, akaona kila kitu kiko mahali pake isipokuwa akili yake.

"Duka limeingiaje hapo? Ridhaa alinipa mimi! Mimi mumewe!"

Sasa ikawa zamu ya binti kupotea. Wakaulizana, wakajibizana, huyu akitaja matangazo na yule akitaja Akhera, mpaka hatimaye binti akashika kichwa. "Aa! Nimeelewa. Samahani sana, mzee. Mimi naulizia ridhaa ya kutumiwa biashara. Hiyo hakutoa, sivyo? Basi ni rahisi. Nafuta, naandika upya."

Akabofya, akaigeuza kompyuta. "Soma, kisha useme ni kweli. Mimi nitaipeleka mbele, watakomeshwa."

Gelle akasogeza uso. Akasoma herufi kwa herufi: Marehemu Sirad hakutoa ridhaa.

"Binti, weka neno lingine."

"Lingine lipi?"

"Lolote. Sema hakupenda. Sema hakutaka krimu yao."

"Sheria imeandikwa hivyo, mzee. Bila neno hilo wakubwa wangu watairudisha. Ni neno tu! Mimi na wewe tunajua maana yake."

Wewe na mimi, ndiyo. Na malaika wanaoandika, wao wamesoma sheria ya Nairobi? Gelle alijaribu. Alisema "Sirad haku," ulimi ukagoma. Akakohoa, akajaribu tena. Wakubwa wameshiba maneno, wanakaa Bunge zima kuyatunga, na katika maneno yote wakaenda kuchukua hili moja, la mfiwa, wakaligeuza mtego! Nje simu ya mtu ililia. Yake ikatetemeka mfukoni, hakuitoa.

"Watazidi kutuma, mzee," binti akasema taratibu.

"Watume."

"Sasa niandike nini?"

Mzee Gelle akasimama, akarekebisha kofia yake.

"Andika alitoa. Kwa mdomo wake, na shahidi ni Bishara. Andika hivyo hivyo, wasome."