Mkwe Ng'ambo ya Kioo

Mama alikuwa ameketi jikoni kwetu Kimanga, mjini Uvira, kifurushi magotini, risasi zikilia kule milimani, na hakutaka kabisa kuingia ndani. Jiko lenyewe lilikuwa la matete. Mbuzi angeweza kupita ukutani akitaka.

"Miye siwezi kulala nyumba moya na mukwe," aliniambia. "Kesho narudia Mutarule."

Barabara ya Mutarule, kijijini kwake, mwaka ule wa sitini na nne, ilikuwa na waasi huku na wanajeshi kule, na wengi walioishika hatukupata habari zao tena. Lakini kwetu mama wa mke na mkwewe hawatazamani usoni, sembuse kulala chini ya paa moja. Tangu niolewe, Mama akimwona mume wangu Placide njiani alikuwa akikimbilia mashamba ya watu. Nilimpenda Mama sana, na siku ile nilitamani kumfunga kamba.

Aliyetuokoa ni samaki.

Placide alikuwa akimvulia Mzungu mmoja samaki wadogo wa mawe, wale weusi wenye mkanda wa manjano, waliopelekwa Ulaya kupamba nyumba za watu. Uhuru ulipokuja, Mzungu alikimbilia Usumbura, ng'ambo ya ziwa, akamwachia sanduku kubwa la kioo. Majirani walisema mume wangu amerukwa na akili: mtu wa Uvira anafuga samaki asiowala! Hakujali. Kila asubuhi alibadilisha maji kwa ndoo kutoka ziwani, akaanika mawe juani ndani ya beseni la maji mpaka yaote ule ukijani wanaopenda kuula. Kwake nilijifunza kwamba wakiwa wawili watauana. Wakiwa kundi, mkorofi hajui amfukuze nani. Na wanaochukiana watengwe kwa mawe, maana samaki hapigani na asiyemwona.

Mchana ule alimwita jirani yetu Protais. Wakapunguza maji, wakalibeba sanduku na kulisimamisha juu ya kreti za bia, kwenye mlango kati ya sebule na chumba. Juu wakatundika pazia. Ndani ya maji Placide akapanga ukuta wa mawe, mtu wa upande huu asimwone wa upande ule. Chumba, ambacho sasa kilikuwa cha Mama, kilikuwa na mlango wake wa nyuma.

"Sasa iko nyumba mbili," alisema, kwa sauti ya kusikika jikoni.

Mama aliyakagua mawe kama mnunuzi wa ng'ombe. "Siku nikimuona uso, naenda," akasema, akaingia.

Wajukuu wakiniuliza habari za vita wanataka bunduki. Mimi nakumbuka nilivyochoka kuzunguka nyumba kwa nje ili kufika chumbani, na kubeba maneno. Nje tuliogopa, lakini ndani, sitasema uongo, tulikaa vizuri. Mama, aliyekosa shamba la kulima, alitazama samaki kutwa nzima.

"Pélagie, ambia bwana yako, ule samaki mwanamuke hakule tangu juzi."

Placide mwenyewe alikuwa pale pale, nyuma ya mawe, anasikia kila neno.

"Ambia mama," Placide alijibu, "hapana mugonjwa. Iko na watoto mu kinywa, anawalea mule."

Mama alishika mdomo wake mwenyewe. Kuanzia hapo hakuwa na habari nyingine.

Siku moja nilikuwa sebuleni na Placide tukasikia maji yakipiga kioo. Kwenye mianya ya mawe tuliona dume kubwa limembana yule jike pembeni, upande wa Mama, likimgonga ubavuni. Akitema watoto, wataliwa. Placide alitia mkono majini, ukaishia kwenye ukuta wa mawe, na kuubomoa hakuthubutu.

"Pélagie, zunguka!"

Sikuwahi hata kusimama. Mkono wa Mama uliingia majini mpaka begani, na nguo yake. Aling'oa jiwe kubwa la katikati, akalisukuma mbele ya dume, na ukuta wote ukaporomoka.

Tope lilipotulia, Mama na Placide walikuwa wakitazamana. Placide akaanza kugeuza uso, kwa heshima. Nilikuwa nawaza kifurushi cha Mama, na ile barabara.

"Usigeuke," Mama alisema. "Hii jiwe ingine tuweke wapi, mwanangu?"

Placide akainua mkono, akamwonyesha. Niliwaacha hapo, nikaenda kusonga ugali, na machozi ya furaha yalinitoka njia nzima.