Hasi Kwanza

Fundi anayekuambia hajawahi kukosea usimpe gari, mpe mkokoteni. Mzee Hasi hakuwahi kujigamba hivyo. Yeye alikuwa na neno moja tu, alilolirudia kwa miaka arobaini katika uwanja ule wa magereji: "Hasi kwanza." Maana yake, kabla hujagusa kitu chochote kwenye gari la mtu, chukua spana namba kumi, legeza nati, toa waya wa hasi kwenye betri, ndipo uanze kazi. Mafundi wenzake walimtania kwamba hata redio yake huitoa betri kabla ya kuifuta vumbi. Jina likamganda, naye hakulikataa.

Mchana ule, saa nane kasoro robo, spana ilikuwa tayari mkononi mwake, na binti yake alikuwa amesimama kati yake na betri, mikono ameitanua kama golikipa.

"Baba, leo usitoe. Nakuomba."

"Nimeanza kutoa hasi kabla hujazaliwa."

"Najua. Lakini gari hili ni la zamani. Kompyuta yake ya injini inatunza kumbukumbu kwa umeme wa betri. Ukitoa hasi, hata dakika moja tu, kila ilichokumbuka kinafutika. Na sisi ndio tumekwisha."

Mzee Hasi akaishusha spana. "Kwa hiyo hata ya siku ile inayakumbuka?"

"Yote. Ndiyo maana nataka niisome."

"Gari lenye umri kukushinda likumbuke nini," akanung'unika, lakini akairudisha spana mfukoni. Aliirudisha kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Siku ya ajali, alisema, maji ya rejeta yalimrukia.

Ajali ilitokea siku nne kabla. Mwalimu mstaafu, mteja wao wa miaka mingi, alichukua gari lake asubuhi baada ya Mzee Hasi kulibadilishia mkanda wa taimingi. Akiwa kwenye mteremko, injini ikazimika. Injini ikizimika, breki za gari kama lile huwa ngumu kama kukanyaga ukuta, na ukuta ndio uliolipokea gari maji yalipozidi unga. Mwalimu alitoka na mikwaruzo. Mkewe alivunjika nyonga, na hadi siku hiyo alikuwa amelala hospitali, mguu umening'inizwa.

Uwanja mzima ulishahukumu. Mkanda aliufunga nani? Mzee Hasi. Basi aliukosea, uzee umemwingia machoni. Na sheria ya uwanja ilijulikana kwa kila mtu: fundi aliyemuumiza mteja kwa uzembe anatoa vyombo vyake, na nafasi yake anapewa mwingine. Mwenyekiti wa mafundi, mchomeleaji mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa amelifungia gari lile mnyororo tangu lilipovutwa, na kikao kilikuwa saa nane kamili. Binti aliomba kitu kimoja tu: kabla hawajamfukuza baba yake, aruhusiwe kuunganisha laptopu yake na kompyuta ya gari, mbele ya watu wote. Mwenyekiti alikubali. Ni Mzee Hasi aliyepinga, na alipinga hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

Binti alidhani ni ukaidi wa wazee. Ilimuuma. Yeye anahangaika kuokoa jina la baba yake, na baba mwenyewe anamwekea jiwe njiani!

Pale uwanjani alijulikana kwa jina la Njano. Kila fundi wa umeme wa pale alikuwa na rangi yake ya tepu, ili waya ukileta matata ijulikane ulifungwa na nani, mtu asiitupe kazi yake kwa jirani. Tepu ya Mzee Hasi ilikuwa nyeusi. Siku binti yake alipomaliza mafunzo, alimnunulia roli ya njano, akamwambia, "Hii ndiyo sahihi yako. Usiifunge mahali utakapoona haya kuitwa."

Saa nane ikafika, na watu wakaja. Mwenyekiti, mafundi kama kumi, muuza skrepa aliyekuwa hakosi msiba wala ugomvi, na Mwalimu mwenyewe, plasta kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Mwalimu akajibu bila kumtazama.

Njano akafungua boneti. Magari ya siku hizi tundu la kuchomeka kipimo huwa chini ya usukani. Hili lilikuwa na lake karibu na betri, duara, lenye kifuniko cha mpira kilichokakamaa. Kebo yake haikuuzwa dukani popote. Aliitengeneza mwenyewe kwa plagi ya gari bovu, akachomelea waya mmoja mmoja wiki nzima. Laptopu nayo ilikuwa mgonjwa wa kudumu: betri yake ilishakufa, ikiishi kwa umeme wa waya mrefu uliotoka kwenye banda la mwenyekiti. Umeme ukikatika, nayo inakwenda zake.

Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani. Akaiweka laptopu ndani ya boksi la katoni juu ya bampa, akaingiza kichwa humo. Watu wakacheka.

"Anatuchezea mazingaombwe," muuza skrepa akasema.

"Utatoa sungura au kobe?" mwingine akadakia.

"Nyamazeni," Mwenyekiti akafoka. "Njano, endelea."

"Baba, washa swichi. Usipige stata, taa tu."

Mzee Hasi akaingia kwenye gari, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka. Njano akabonyeza. Kioo kikaandika: *Hakuna mawasiliano.* Akachomoa kebo, akapuliza vumbi, akachomeka tena. *Hakuna mawasiliano.* Jasho likamtiririka puani. Nje ya boksi alisikia mtu akiguna, na mwingine akisema la kuvunda halina ubani.

"Umeshindwa?" Mwenyekiti akauliza.

"Bado."

Mara ya tatu aliishika plagi kwa kidole gumba na kuikandamiza kushoto, pale alipojua waya mmoja haukukaa sawa. Mstari mwembamba ukaanza kutembea kwenye kioo, polepole mno. Asilimia kumi. Ishirini. Taa ya banda la mwenyekiti ikafifia, laptopu ikafifia nayo. Umeme ukarudi. Sitini. Tisini.

Mzee Hasi alikuwa ameshatoka kwenye gari. Alisimama karibu na betri, macho kwenye mikono ya mwanawe.

Kioo kikajaa. Hitilafu moja tu ilikuwa imehifadhiwa. Namba 12, na pembeni yake: mara 3.

Njano aliijua bila kufungua daftari. Kumi na mbili haikuwa mkanda. Mkanda uliokosewa huleta namba nyingine kabisa. Kumi na mbili ni sensa inayohesabu mizunguko ya injini: ikikatika mawasiliano, kompyuta haijui injini inazunguka au imelala, basi inafunga mafuta na gari linazimika hapohapo. Baba yake hakuwa na kosa. Furaha ilimpanda hadi kooni, akataka kupiga yowe.

Halafu akakumbuka ni nani aliyeigusa sensa ile.

Jioni ya kabla ya ajali, baba yake alipokuwa akihangaika na mkanda, alimwambia aingize mkono chini, nyuma ya puli, lile gurudumu la mkanda, achomoe plagi ya sensa isije ikakatika. Mkono wa Njano ni mwembamba. Wa Mzee Hasi, mnene kama mchi wa kinu, haupiti pale. Kazi ilipokwisha akairudisha plagi. Kibano chake cha plastiki, kikavu kwa uzee, kikavunjika. Akazungushia tepu raundi tatu, akajisemea kesho asubuhi nitatafuta kibano kwa muuza skrepa kabla gari halijachukuliwa. Hakumwambia mtu. Asubuhi Mwalimu alimtangulia. Na siku zote nne, kila watu walipotaja mkanda, naye alitaja mkanda, kwa sababu kuliko kuliwaza lile jambo dogo la kule chini, ilikuwa rahisi kulikalia kimya.

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Imesema nini?" Mwenyekiti akauliza.

Ndani ya boksi mlikuwa na joto na harufu ya katoni, na alitamani abaki humo hadi watu wote wazeeke.

"Njano! Imesema nini?"

Ndipo akasikia mlio anaoujua tangu utotoni: spana namba kumi ikiuma nati. Akatoa kichwa. Mzee Hasi alikuwa ameushika waya wa hasi mkononi, umeshatoka kwenye betri. Taa za dashibodi zilikuwa zimezimika. Kwenye laptopu kioo kilijisafisha, kikaandika: *Hakuna mawasiliano.*

"Mzee!" Mwenyekiti akapiga kelele. "Umefanya nini?"

"Mkono umezoea," Mzee Hasi akasema. "Hasi kwanza. Nimesahau."

Uwanja ukalipuka. Kasahau nini, anafuta ushahidi! Muuza skrepa akaapa kwamba aliliona hilo tangu mwanzo. Mwalimu akafumba macho, na sauti yake ilipotoka ilikuwa chini kuliko za wote.

"Miaka ishirini nimekuletea gari langu. Kumbe ulijua."

"Nilijua," Mzee Hasi akasema. "Kosa ni langu. Mwenyekiti, kesho natoa vyombo. Tusipotezeane muda."

Njano akamtazama baba yake, na baba yake hakumtazama. Hakuwa mtu wa kusahau, yule. Angesahau kula kabla ya kusahau alichoombwa juu ya gari.

"Niliisoma," Njano akasema.

Hakuna aliyesikia. Akapanda juu ya bampa, akapaza sauti. "Niliisoma kabla haijafutika! Ni namba kumi na mbili. Mkanda ni mzima. Plagi ya sensa ililegea, na plagi ile niliirudisha mimi. Kibano kilivunjika mkononi mwangu nikakifunga kwa tepu, sikumwambia baba."

Mtu akacheka kwa huruma. "Damu nzito kuliko maji. Mtoto anamtetea baba yake."

"Anaropoka," Mzee Hasi akasema haraka. "Plagi nilifunga mimi. Kama hamwamini, angalieni wenyewe. Tepu ya nani iko pale?"

Mwenyekiti akachukua tochi, akalala chali, akajisogeza chini ya gari. Walisubiri. Miguu yake ilijikunja, ikanyooka.

"Nyeusi," sauti yake ikatoka kule chini. "Tepu ni nyeusi. Ya Mzee Hasi."

Basi yakawa yamekwisha. Mlango ulikuwa wazi mbele ya Njano, umefunguliwa na baba yake mwenyewe. Angenyamaza tu, angebaki na kazi, na jina, na roli yake ya njano. Watu walishaanza kugeuka. Aliogopa sana. Aliogopa kuliko siku zote nne.

Akashuka kwenye bampa, akapandisha mkono wa ovaroli hadi begani, akauingiza nyuma ya puli. Hakuhitaji tochi. Vidole viliipata plagi, vikaipapasa tepu. Ilikuwa imezungushwa ovyo, nene, raundi nyingi. Akatafuta ncha kwa ukucha, akabandua, raundi ya kwanza, ya pili, ya tano, hadi nyeusi yote ikatoka mkononi mwake ikiwa imejikunja.

"Mwenyekiti," akasema. "Angalia tena."

Tochi ikawaka kule chini. Mwenyekiti alipojitoa na kusimama, hakuwa na tarumbeta tena.

"Chini yake kuna ya njano," akasema.

Njano hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akiangalia mkono wa kulia wa baba yake, ule uliofungwa kitambaa, ambao haupiti pale. Baba yake ndiye aliyefika kwanza kwenye mteremko siku ile, injini ikiwa bado inafuka moshi, na ndiye aliyefungua boneti kabla ya watu wengine. Akauchukua ule mkono, akafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imechunika kuanzia kwenye vifundo vya vidole hadi juu ya kiwiko, na kuiva pande zote mbili, ule upande wa puli na ule wa chuma. Maji ya rejeta hayaunguzi hivyo.

"Baba."

"Nilikuambia usiiunganishe hiyo kompyuta," Mzee Hasi akasema.

Mwalimu akasogea. Aliutazama ule mkono, kisha akamtazama Njano, na hakukuwa na msamaha usoni mwake, bado.

"Saa kumi wanaruhusu wagonjwa kutazamwa," akasema. "Utakuja umwambie mke wangu mwenyewe, kwa kinywa chako."

"Nitakuja, Mwalimu."

Mwenyekiti akakohoa, akanyoosha kiganja bila kumtazama mtu. Njano akatoa roli ya njano mfukoni, akaiweka pale. Kisha akachukua spana namba kumi kutoka kwa baba yake, kwa kuwa mkono wa kulia wa mzee haukuweza kukaza nati, akairudisha hasi mahali pake.