Mashuka Yaliyobaki

Sajini alipostaafu jeshi, alipewa kazi ya kusimamia chumba cha kufulia nguo hotelini. Aliwakuta wafanyakazi wamelegea, na miezi miwili haikuisha kabla hajawanyoosha. Saa moja kamili kila mtu alikuwa mahali pake, na visingizio vilikuwa marufuku. Meneja alimsifu mpaka kichwa kikamvimba.

Jumanne moja mpiga pasi, mwanamke mwenye mimba ya miezi sita, alimjia ameshika kiuno.

"Afande, tumbo linanikata. Naomba nipumzike kidogo."

"Askari halalamiki, mama. Maliza zamu yako."

Akarudi kwenye pasi. Saa nane akaanguka kati ya marundo ya mashuka, na wenzake wakamkimbiza hospitali. Mtoto hakupona.

Jioni Sajini alikwenda kumwona. Njia nzima alitafuta maneno ya kuomba radhi, lakini mgonjwa alimwahi. Alipomwona tu, alijikaza akajaribu kuketi wima kitandani.

"Nisamehe, afande. Yalibaki mashuka ishirini."

Vitani Sajini aliwahi kumbeba askari mgonjwa mgongoni kutwa nzima, na hakuna aliyemwamuru.

"Lala, mwanangu," alisema.

Mama mkwe wa mgonjwa, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, aliinuka akamfungulia mlango.

"Umemsikia, mzee. Amri zako amezishika zote. Sasa tuache."

Sajini akatoka, asijue aelekee wapi.