Udongo wa Kumwonyesha Bwana Miche

Jirani wa nyumba ya bati jekundu anadai kwamba alipanda mwembe nyuma ya bafu lake, na mwaka uleule ukazaa maembe mawili, kila moja kubwa kama kichwa cha mtoto. Anasema aliyala yote mawili peke yake, mlango kaufunga kwa komeo. Ukimuuliza mwembe wenyewe uko wapi, anasema ulikauka kwa macho ya watu. Na hapo ni mlimani, asubuhi mtu akiongea anatoa moshi mdomoni kwa baridi!

Fundi cherehani, mwanamke wa nyumba ya pili, aliamini nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Mama mkwe wake alikuja kutoka nchi ya joto kumsaidia kulea mtoto mchanga. Sasa mtoto anatambaa mpaka chini ya cherehani, na bibi yake ameanza kukunja nguo na kuzipanga kwenye begi.

"Uwanja gani huu," alikuwa akilalamika, "hata mti wa kuibiwa matunda hamna?"

Fundi hakutaka aondoke. Alishazoea kuwa na mtu wa kucheka naye jikoni. Akaamua kumnunulia mwembe, kimyakimya.

Sasa, bwana miche wa kule bondeni ana sharti lake. Hakuuzii mche mpaka umpelekee udongo wa kwako, uliochimbwa kina cha mkono hadi kiwiko. Udongo wa fundi ulikuwa mwekundu, mawe tele, na aliuonea aibu kama mtu aliyekutwa na wageni vyombo havijaoshwa. Akachota ule mweusi wa jirani, wa kwenye kopo la maua, akaufunga vizuri kwa gazeti.

Bwana miche akaufungua, akaupikicha, akaunusa. Akachomoa humo majani ya chai.

"Shemeji, kwenu mnalima chai au mnakunywa?"

"Tunakunywa tu."

"Basi na huu udongo umekunywa. Nenda kaniletee wa kwenu."

Fundi akapanda mlima tena, uso unamwaka kwa aibu. Mama mkwe, mtoto mgongoni, akamkuta ameinama na jembe.

"Umepoteza nini humo?"

"Nachukua udongo, mama."

"Haya. Ukimaliza huo, mwingine upo kule nyuma."

Safari hii bwana miche alizigusa zile changarawe akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Huu ndio udongo! Maji yanapita, hayalali. Nikupe mpichi, mti wa matunda unaopenda baridi."

"Nimekuja kwa ajili ya mwembe. Mama yangu anapenda embe."

"Mwembe kwenu utakupa majani matupu, baridi itaangusha maua yote. Mpe pichi. Siku ya kwanza atakutukana, siku ya pili utamkuta anazificha chini ya mto."

"Unazaa baada ya muda gani?"

"Huu umepandikizwa. Miaka miwili, ukiutunza."

Miaka miwili! Mwingine angenuna, lakini fundi alihisi mabega yake yanakuwa mepesi.

"Huna wa miaka mingi zaidi?"

Bwana miche akaweka chini kopo la kumwagilia. "Dada, watu wote hapa wananililia mche wa kuzaa mwezi ujao."

"Mimi sio watu wote."

"Basi kuna parachichi la mbegu. Miaka saba, hata minane."

"Nipe yote miwili."

Alirudi amekumbatia miche kama mapacha, akiimba njia nzima, hata jirani akachungulia kuuliza kuna harusi ya nani.

Mama mkwe alitazama lile shimo alilolianza fundi, akaguna. "Unapanda mti au unazika panya? Lete hapa." Akamkabidhi mtoto, akajifunga nguo kiunoni, akashika jembe.

"Mama," fundi akasema, sauti imemshuka, "huu wa pichi ni miaka miwili. Ule wa parachichi ni saba. Kaa na sisi mpaka tuyale yote."

Mama mkwe akaingiza mkono shimoni, akapima hadi kiwiko, akatikisa kichwa. "Mti wa miaka saba hautoshi humu," akasema, akaendelea kuchimba.