Tivii ya Baba Juu ya Meko

Sanduku lilitangulia kufika kuliko mwenyewe. Mtu wa vifurushi alilibwaga barazani juu ya theluji, akapiga honi na kuondoka. Lilikuwa na jina la baba yangu, Reino Lahti, na jina la aliyelituma, kaka yangu Darrell wa Arizona. Nililiburuta ndani kwa mikono miwili, nimevaa soksi na ndala, huku nikisema maneno ambayo marehemu mama yangu asingependa kuyasikia.

"Lifungue, lifungue!" Baba aliniambia kutoka kitini. Tangu alipopigwa na kiharusi, maneno yalikuwa yanamtoka kwa upande mmoja wa mdomo, mazito kama uji. Siku hiyo yalitoka upesi.

Ndani mlikuwa na mkono mkubwa wa chuma wa kutundikia tivii ukutani, juu ya meko ya kuotea moto. Ukitaka kutazama, unaivuta kwa mpini, inashuka mbele ya meko mpaka usawa wa macho. Ukimaliza unaisukuma, inarudi juu. Shingo ya Baba ilikuwa imekakamaa, haiinuki wala haigeuki vizuri, na tivii ilikaa pembeni karibu na dirisha. Kwa hiyo siwezi kusema zawadi haikuwa na maana. Maana ilikuwa nayo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwani mimi nilikuwa nimeomba nini? Tangu kiangazi, kila Darrell alipopiga simu, wimbo wangu ulikuwa mmoja: Baba anahitaji vyuma vya kushikilia bafuni. Nimeshavinunua, viko chini ya sinki. Nilijaribu kuvifunga mwenyewe nikapasua kigae. Fundi wa hapa mjini anasema kazi zimemjaa, tungoje zamu yetu. Njoo na drili yako, Darrell, kabla sijamwangusha mzee wa watu. Naye kila mara alijibu, "Nimekusikia, dada." Kumbe alisikia "tivii."

Mimi ndiye niliyerudi. Nilikuwa Minneapolis, nikitengeneza meno ya bandia kwenye maabara, kazi niliyoipenda na iliyonipenda. Baba alipougua niliaga kwa likizo fupi, nikaja huku kaskazini kwenye mji wetu wa migodi ya chuma, na likizo ile haijaisha mpaka leo. Nilimshushia kitanda kutoka ghorofani nikakiweka chumba cha chini. Nilijifunza kumwosha, kumgeuza, kumlisha, kumsikiliza akinifokea kwamba kahawa ni ya baridi, kisha kwamba ni ya moto. Sikuwa nangoja nishani. Lakini hata paka hukusugua miguuni ukimpa maziwa.

Darrell aliingia siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, amevaa jaketi jepesi la watu wa jangwani, uso umeiva kwa jua.

"Mzee! Mbona mzima kabisa!" alisema, akamkumbatia Baba. "Marlys, mbona uliniambia amedhoofika?"

Baba alijikaza akakaa wima. Alikuwa hajakaa hivyo tangu majani yaanze kupukutika.

Kesho yake asubuhi, siku yenyewe ya sikukuu, mimi nilikuwa jikoni na bata mzinga, viazi na mkate wa kukunja wenye njugu, ule ambao watu wa mji wetu hawawezi kusherehekea bila huo. Darrell alitoa drili. Jirani yetu Arvid, mzee aliyewahi kuwa refa wa mpira wa magongo wa barafuni, alikuja kumsaidia kuinua tivii.

"Darrell," nilimwita nikiwa mlangoni, "kwa kuwa drili imeshatoka, anza na bafuni. Kazi ndogo tu."

"Baada ya mechi ya leo kwenye tivii, dada."

"Baada ya mechi utakuwa umeshiba na unakoroma."

"Mar, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Arvid alicheka, akidhani tunataniana.

Drili ililia ndani ya matofali kama nguruwe anayechinjwa. Vumbi jekundu lilitoka kwenye ukuta wa meko likaruka sebuleni, likapita mlangoni, likaja kutua juu ya mkate wangu niliouacha mezani upoe. Nilipoutazama, nilidhani mtu ameunyunyizia pilipili.

"Darrell! Vumbi liko kwenye chakula!"

"Ungekifunika," alisema, bila hata kugeuka.

Nilirudi jikoni. Niliosha sufuria iliyokuwa safi. Niliiosha tena.

Sitamsingizia: kazi aliijua. Aliweka pimamaji, akatoboa matundu, akakaza boliti kubwa, akapachika ule mkono wa chuma, kisha yeye na Arvid wakainua tivii wakiguna na kutukanana kwa furaha. Mara ya kwanza kuivuta, ilimponyoka ikaruka juu kama imechomwa sindano. Akalegeza skrubu kidogo. Ya pili ikashuka taratibu, bila sauti, kama ng'ombe anayeinamia maji, ikasimama sawasawa mbele ya uso wa Baba. Palepale nilikumbuka kwamba ikiwa imeshushwa hivyo huwezi kuwasha moto, na Baba alipenda moto wa magogo kuliko kitu chochote.

"Na moto je?" niliuliza.

"Nani anataka moto?" Baba alisema. "Tazama picha hiyo! Naona mpaka jasho la wachezaji!"

Machozi yalimtoka. Yalishuka upande ule wa uso ambao hauhisi, hakujua hata kuyafuta. Akamshika Darrell mkono kwa mkono wake mzima, akamwambia Arvid, "Umemwona? Huyu ndiye mwanangu. Huyu ndiye anayenifikiria."

"Una bahati, Reino," Arvid akajibu. "Watoto wa siku hizi ni wachache wa namna hii."

Nilikuwa nimesimama na upawa wa mchuzi mkononi.

"Rudia, Baba," nilisema.

"Nini?"

"Rudia ulichosema. Nani anayekufikiria?"

"Marlys, leo ni sikukuu," Darrell alisema.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja. Baba, leo asubuhi nani alikuvua nepi? Nani alikuosha makalio, akakupaka mafuta ili usipate vidonda? Ni tivii hiyo? Imeshuka ikakuosha?"

Arvid alitazama viatu vyake. Uso wa Baba ulibadilika, ukawa mwekundu, kisha ukawa wa rangi ya majivu. Nilijua nimemvua nguo mbele ya jirani yake. Nilijua, na sikusimama.

"Sema basi! Asante moja tu! Umempa huyu machozi kwa sababu ya boliti, na mimi hujawahi kunipa hata kikohozi!"

Baba aliachama, akatafuta maneno. Yalipokuja, yalikuja yamenyooka kuliko yote aliyoyasema tangu augue.

"Hakuna aliyekuomba urudi."

Tivii iliendelea kupiga kelele. Watu wa upande mmoja walikuwa wamefunga, wanarukiana vifuani.

Niliweka upawa juu ya kile chuma kipya, mchuzi ukachuruzika kwenye matofali. Nikavaa koti.

"Bata mzinga yumo kwenye oveni," nilimwambia Darrell. "Dawa ziko juu ya friji. Baba yuko kitini. Vyote vitatu ni vyako."

"Unakwenda wapi? Mar! Mimi Jumapili narudi Arizona!"

"Hakuna aliyekuomba urudi pia," nikasema, nikafunga mlango kwa nguvu mpaka barafu ya kwenye paa ikaanguka.

Nilikwenda kwa Bernadine, rafiki yangu tangu shule, mji wa jirani. Alikuwa na nyumba imejaa wajomba na shangazi wa Kislovenia wanaosema wote kwa pamoja. Alinitazama usoni, akanivua koti mwenyewe, akanipeleka kwenye chumba cha kufulia ambako palikuwa kimya, akaniletea sahani.

"Kula," aliniambia. "Ukimaliza kula, tukana. Mimi nitakuwa naitikia."

Nilitukana hasa. Naye aliitikia kama yuko kanisani.

Simu ya Darrell ilianza jioni ileile.

"Hii nepi inavaliwaje?"

"Soma kwenye pakiti."

Kesho yake: "Hataki nimwogeshe."

"Hata mimi hakutaka. Alinitemea mate mwezi mzima. Mvumilie."

"Anakuulizia."

"Anauliza nini?"

"Anauliza soksi zake za sufu umeziweka wapi."

Nilikata simu. Bernadine alinikuta nimekaa kwenye mashine ya kufulia, nalia. Akadhani ni huzuni. Nikamwambia si huzuni, ni hasira, imekosa pa kutokea.

Jumamosi Darrell alipiga tena, na sauti yake ilikuwa nyingine. Walikuwa wameanguka bafuni. Baba aliteleza, Darrell akajaribu kumdaka, wote wawili wakaenda chini, Baba juu yake. Hakuna aliyeumia, ila walikuwa wamekaa pale sakafuni, uchi na maji, na Darrell hakujua jinsi ya kumwinua.

"Unamwinuaje, Mar? Niambie tu."

Nikamweleza. Pitisha mikono chini ya makwapa yake. Piga magoti kwanza, usimvute kwa mgongo. Mwambie asukume kwa mguu wa kulia, mwambie kwa upole, ukimfokea anajikaza. Nilisikia wanahema. Nilisikia Baba akisema "taratibu, mwanangu."

"Kila siku unafanya hivi?" Darrell aliuliza.

"Kila siku."

Akasema anampeleka Baba kitini, akakata simu.

Nilirudi Jumapili alasiri nikijua ndege yake imeshaondoka, nikitarajia kumkuta Arvid anamlinda mzee. Nikamkuta Darrell jikoni, ndevu zimemwota, amevaa sweta ya Baba. Ndege aliiacha ikaenda bila yeye. Aliniongoza bafuni kama mtoto anayeonyesha matokeo ya mtihani. Vyuma vilikuwa vimefungwa, kimoja kando ya choo, kimoja kando ya beseni la kuogea. Nilining'inia kwa uzito wangu wote. Havikutikisika.

"Vizuri," nilisema. "Vimekuchukua muda gani?"

"Si mwingi. Saa moja hivi."

Ninadhani alitegemea nitabasamu.

"Saa moja," nikasema. "Tangu kiangazi nakuomba, Darrell. Mgongo wangu umekwisha, nimeota ndoto za kumvunja shingo baba yangu mwenyewe, na ilikuwa kazi ya saa moja!"

"Nimeshasema samahani kwenye simu!"

"Hukusema!"

"Basi nasema sasa! Unataka nini, nipige magoti?"

"Samahani yako siitaki. Nataka umchukue."

"Nini?"

"Umchukue Baba majira haya ya baridi. Arizona kuna jua, si ndivyo unavyojisifu kila siku?"

"Nyumba yangu ina ngazi."

"Na hii ilikuwa na nini?"

"Sandra atasema nini?"

"Ni mkeo, muulize! Mimi simjui vya kutosha, harusini kwenu mliniweka meza ya wapiga picha!"

Tulikuwa tunapiga kelele kiasi kwamba hatukusikia tivii imezimwa. Sauti ya Baba ilitujia kutoka sebuleni, imepasuka lakini kali, sauti ya mtu aliyeendesha malori ya mgodini maisha yake yote.

"Mimi nipo hapa! Mimi si kabati la kuhamishwa!"

Tukaingia, tukasimama mbele yake kama tulivyosimama zamani tulipovunja dirisha. Tivii ilikuwa imeshushwa, nyeusi, inamziba kifua. Hakunitazama.

"Ipandishe hiyo," alimwambia Darrell. Darrell akaisukuma juu. Baba akaitazama meko iliyo wazi, yenye jivu la siku nyingi.

"Jua la huko silipendi," alisema. "Na mkeo anapika maharage matupu."

"Ndiyo, Baba," Darrell alisema.

"Nitakwenda. Mpaka barafu ya ziwani ivunjike. Halafu nitarudi kwangu." Akavuta pumzi. "Yeye apumzike."

"Yeye." Hakutaja jina langu. Nilitaka kumwambia nina jina, alinipa mwenyewe. Lakini nilimwona mkono wake mzima umeushika ule mgonjwa, unaubana, nikanyamaza kwa hasira zangu zote.

Waliondoka baada ya Mwaka Mpya. Darrell alirudi kumchukua, mimi nikawaendesha mpaka uwanja wa ndege wa Duluth, theluji inatupiga kioo njia nzima. Darrell alipokwenda kuulizia kiti cha magurudumu, tulibaki wawili. Nilimfunga Baba vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa sababu angekaa hapo mpaka asubuhi akijaribu.

"Hukutakiwa kuondoka siku ile," alisema.

"Na wewe hukutakiwa kusema vile."

Alilifikiria hilo. Ulimi wake ulizunguka mdomoni ukitafuta njia.

"La," alisema. "Sikutakiwa."

Hilo ndilo nililopata. Asante haikuja, na sikuiomba tena. Ya kuomba haina ladha. Nilimvutia kofia masikioni kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, naye akaguna, kisha Darrell akaja na kiti wakaondoka.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Nilijitupa kwenye kitanda changu mchana kweupe, bado nina hasira naye, nikalala mpaka kesho yake, na hakuna aliyeniita.