Hatusubiri Alalamike

Nesi anayezungukia wagonjwa majumbani aliinua chupa ya dawa ya maumivu, akaiona bado imejaa.

"Mama, hii si ndiyo niliyoleta wiki iliyopita?"

"Ndiyo, mwanangu. Fundi hasumbui. Nimemwambia maumivu yakija aniite, nami nampa. Haniiti."

Fundi, mshona nguo, alikuwa amelala sebuleni. Hospitali walishasema saratani yake haina tena matibabu, kilichobaki ni kumtunza asiteseke. Mkewe, huyu mama, usiku alikuwa akilala kitini kando yake, usingizi wa mang'amung'amu.

Nesi alimwomba mama akaoge kwa raha zake. Alipobadilisha shuka akaona pindo limetafunwa, na juu yake pametiwa viraka vidogo.

"Baba, unaumwa?"

Fundi alitazama mlango kwanza. "Sana. Lakini nikimwita ataamka. Huyu mama amelala lini? Basi nang'ata shuka. Yeye anadhani ni uchakavu, anashona. Na anavyoshona vibaya, nayo ni maumivu mengine."

Nesi alicheka, kisha akaikunja ile shuka. "Mwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Mama aliporudi, Fundi alimwambia. Mkewe alisimama na taulo mkononi, maji yakimchuruzika shingoni.

"Yaani mimi nimekaa hapa, nawe unang'ata shuka?"

"Nilitaka ulale."

Mama alimgeukia nesi. "Nami nilikuwa naibania dawa. Niliogopa akiizoea sasa, siku maumivu yakizidi haitamsaidia."

"Yakizidi tunaongeza, mama," nesi alisema. "Hatusubiri alalamike. Unampa kwa saa zake, hata ukimkuta anacheka. Ila huwezi kukesha peke yako. Nani mwingine yupo?"

"Yupo shemeji, ndugu yake Fundi. Kila siku anakuja kuuliza tunahitaji nini, namwambia hatujambo."

"Kwa nini?"

"Huyo hata maji ya chai anaunguza."

"Nakusikia," shemeji alisema kutoka barazani, ndiyo kwanza anafika.

Nesi akamwita, akawaonyesha wote wawili kibomba cha kupimia: dawa inaishia mstari upi, inavyomiminwa taratibu ndani ya shavu. Mama ndiye aliyeanza kumpa. Baada ya muda taya la Fundi lililegea, akaanza kumsimulia nduguye habari za mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kuchukua suti. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amesahau kwamba mumewe ni msemaji.

Saa ya dawa ilipofika tena, shemeji alishika kibomba. Mama alisimama mlangoni, mdomo umeshafunguka kumkosoa. Shemeji alipima, akakiinua kwenye mwanga, akapunguza tone, akapima upya. Fundi alimeza.

Mama alifunga mdomo. Aliingia chumbani, kwenye kitanda ambacho hajakilalia tangu Fundi ahamishiwe sebuleni, akajinyoosha upande wa mumewe. Aliwasikia ndugu wawili wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu ile suti, na kabla hawajaafikiana alikuwa amelala.