Shanga Zilizolegea

Mzee Erupe alimsema binti yake mbele ya watu, kwenye foleni ya chakula cha msaada mjini Lodwar, ili majirani wajue kwamba hata yeye ameuona unene wake.

"Nasike, shanga zinakukaba. Ukame huu haukujui wewe?"

Watu walicheka. Akaale, jirani yao, akaongeza, "Mwache, mzee. Mwenzetu ana ghala lake ndani."

Nasike alivuta leso mabegani. Tangu utotoni alikuwa na kisukari kile kinachotaka sindano za insulini kila siku, na tangu apate dawa ya kutosha mwili wake ulikuwa ukiongezeka. Kula, alikula kama wengine.

Baada ya siku ile shanga za shingoni zilianza kulegea. Erupe aliona akafurahi. Walipokwenda Kakuma kwenye harusi ya mpwa wake, aliwaonyesha wazee wenzake. "Mwoneni. Neno moja tu la baba." Nasike alikuwa akinywa maji kikombe baada ya kikombe. Kabla nyama haijagawanywa alitapika, kisha akaanguka.

Hospitalini, daktari Chepchumba alimwita Erupe nje.

"Mzee, binti yako aliacha sindano. Anasema alitaka kukonda. Bila insulini mwili unajila wenyewe. Mngechelewa kidogo, mngemzika."

"Lakini alikuwa ananenepa, daktari. Na watu wana njaa."

"Insulini ndiyo inayouwezesha mwili kutumia chakula na kukiweka. Wapo wanaoongeza uzito upesi kuliko wenzao hata wakila sawa. Sehemu ya tofauti hiyo ni urithi, vitu vidogo vidogo vingi kutoka kwa baba na mama. Kwenu hakuna mwanamke aliyekuwa na mwili mkubwa?"

Erupe alitazama viatu vyake. Mama yake, Awoi, alikuwa hivyo. Wakati wa ukame mmoja, wanawake wa kijijini kwao Lokori walimwita mwizi wa maziwa, naye Erupe, mtoto bado, akawa anatembea nyuma yake kwa mbali asijulikane kuwa mwanawe.

"Alikuwepo mmoja," alijibu. Hakusema ni nani.

Waliporudi Lodwar, Erupe alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa mchanga ambamo dawa huwekwa isiharibiwe na joto. Mchanga ule hutakiwa ulowe daima. Ulikuwa mkavu kama wa barabarani, na kila asubuhi alikuwa amepita kando yake. Akaumwagia maji, akaiweka dawa mpya.

"Na nikinenepa tena, baba?" Nasike aliuliza kutoka kitandani.

Erupe alizitazama shanga shingoni mwake.

"Nipe shanga zako," alisema.

Akatoka nazo, akaketi mlangoni ambapo kila aendaye kuchota maji hupita, akakata uzi na kuanza kuzitunga upya kwenye uzi mrefu zaidi. Kazi hiyo ni ya wanawake. Vidole vyake havikuijua. Shanga zilimponyoka zikaviringika vumbini.

Akaale alipita na mtungi wake, akamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mzee. Siku hizi umekuwa mama?"

"Ejok." Uso ulimwaka. Aliokota shanga moja, akaipuliza vumbi. "Naziongezea nafasi. Binti yangu amechukua mwili wa Awoi, mama yangu mzazi."

Akaale hakucheka. Erupe hakuinua uso kuona kama angecheka.